Chupa ya Chausiku

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali ile ambayo wenye mvi bado wanaikumbuka, watu sita walikaa katika ofisi ya Mwalimu Mkuu wa Shule ya Sekondari ya Kwedilanga. Shule hiyo ilikuwa nyikani, kule ambako maji hununuliwa kwa dumu, na wingu likipita watu hutoka nje kulitazama.

Alikuwapo Mzee Athumani Semboja, mwenyekiti wa bodi ya shule. Alikuwapo Bwana Aidani Mntambo, Mwalimu Mkuu. Wanafunzi walimwita Kengele, lakini jina alilobatizwa ni Aidani. Alikuwapo Bwana Gervas Mhina, mwalimu wa nidhamu. Alikuwapo Leokadia Mdoe, kiranja wa bweni la wasichana. Alikuwapo Hemedi Sengasu wa kidato cha nne, ambaye hakuitwa; alibisha hodi mwenyewe, akaambiwa asimame angoje zamu yake. Na alikuwapo Bi. Mwantumu binti Kilua, mjane wa Semkiwa, aliyekaa kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani.

Hakuwapo aliyeitiwa kikao. Chausiku Semkiwa wa kidato cha pili, binti wa Bi. Mwantumu, alikuwa amelazwa katika hospitali ya wilaya tangu juzi, alipoanguka akifyeka majani ya uwanja wa shule. Mezani iliwekwa chupa ya plastiki, tupu, kizibo kimefungwa.

Kosa lilikuwa wazi. Chausiku alikamatwa na chupa bwenini, na chupa zilipigwa marufuku. Tena chupa yenyewe ilinuka gongo. Kwa sheria ya Kwedilanga, mwenye chupa hufukuzwa shule, na mwenye gongo harudi tena.

Bi. Mwantumu alikuwa ametoka hospitalini alfajiri, akapanda lori la maji. Muuguzi alimwambia, "Mama, usiende mbali, mtoto anapumua kwa shida." Lakini Chausiku mwenyewe alimshika mkono. Midomo yake ilikuwa imekauka, na kila neno alilivuta kama ndoo kutoka kisima kirefu.

"Nenda, Mama. Wasije wakafuta jina langu."

"Nani atakaa nawe?"

"Dada Zubeda yupo. Nenda ukaniombee. Nikipona nikakuta jina halipo, nitakuwa nimeponea nini?"

Basi akaenda. Moyo wake ulibaki kitandani. Kiwiliwili ndicho kilichokaa kwenye benchi.

"Mkwe, umefikaje?" Mzee Semboja alimsalimu.

"Nimefika salama, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona umekaa mlangoni kama mdai? Sogea huku."

"Hapa panatosha, Mzee."

Alimwita mkwe kwa haki. Zubeda, binti mkubwa wa Bi. Mwantumu, alikuwa amechumbiwa na Bakari Semboja, mtoto wa ndugu wa huyo mwenyekiti. Barua ilishajibiwa, na kilichobaki kilikuwa kungoja mavuno.

Na kule kuna desturi. Kabla binti hajachukuliwa, upande wa mume humtuma mtu mwenye ulimi laini akauliza kisimani na gulioni: nyumba ile ina kifafa? Ina ukoma? Watoto wao hukua, au hufa fa fa fa kama vifaranga? Jibu likiwa baya, hapatokei ugomvi. Watu hukaa kimya tu, barua ya pili haiji, na binti huzeeka akipika kwa mama yake.

Bi. Mwantumu aliijua desturi hiyo. Kwa ajili yake alikuwa amemwambia Chausiku neno moja, siku alipompeleka shule. Neno hilo lilikuwa limemkaa kooni tangu juzi.

Mzee Semboja akagonga sakafu kwa fimbo.

"Tumekuja kuamua kama mtoto huyu afukuzwe au abaki. Mimi sikuona kitu. Aliyeona aseme alichoona, na aliyetenda aseme alichotenda. Mwalimu Mkuu, anza. Sheria ni yako."

Bwana Mntambo akasimama.

"Sheria ni yangu, na sababu yake ni hii. Mwaka juzi mwanafunzi wangu Yusto Mkomwa alikunywa gongo bwenini. Asubuhi akaamka anauliza kwa nini taa zimezimwa. Jua lilikuwa limeshapanda. Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka mpaka kwenye gari, nikamkabidhi kwa baba yake. Baba yake hakunitukana. Heri angenitukana. Gongo iliingiaje? Kwenye chupa za maji. Gongo ni nyeupe, maji ni meupe. Ningeonja chupa za wanafunzi wote kila asubuhi? Nikapiga marufuku chupa, dumu, kibuyu, chochote chenye kizibo. Bomba hufunguliwa wakati wa kula, na kila mtu anywe hapo. Tangu siku hiyo hakuna aliyepofuka."

"Na mwenye haja?" akauliza Mzee Semboja.

"Nilitangaza katika baraza la wanafunzi, na mwaka huu nikarudia: mwenye sababu aje ofisini, mlango uko wazi. Wanafunzi wana haki ya kusema katika baraza, sijawahi kuwanyima." Akaishika tai yake. "Chausiku alisimama siku hiyo. Aliuliza, 'Mwalimu, na mtu mwenye kiu sana je?' Mtu nyuma akapiga kelele, 'Kiu ya nini, mama pombe?' Shule nzima ikacheka. Nami nilicheka. Akakaa. Mlango wangu ulikuwa wazi, lakini hakuja. Nimesema langu."

Bi. Mwantumu alimwona binti yake akisimama kati ya wanafunzi wale, na akamwona akikaa. Chausiku hakuwahi kumsimulia. Likizo iliyopita alikuja na kusema shule ni nzuri, Mama, nzuri sana.

"Kiranja," akasema Mzee Semboja.

Leokadia Mdoe alisimama, mikono nyuma, kama asimamavyo kiranja.

"Kitanda changu kiko karibu na cha Chausiku. Chupa niliijua tangu mwanzo wa muhula. Aliificha ndani ya foronya. Wajibu wangu ulikuwa kuitaja, na sikuitaja, kwa kuwa sikuwahi kuona akilewa. Alikunywa maji tu. Alikunywa kama shamba."

"Mbona baadaye uliitaja?"

"Mwalimu Mhina alikuja bwenini akasema anajua kuna chupa. Isipotajwa kabla ya chakula cha jioni, bweni zima lisiende likizo. Mzee, mle ndani kuna watoto wa kidato cha kwanza ambao hawajaonana na mama zao tangu wafike. Walilia. Wakanishika sketi. 'Dada kiranja, tunakuomba, dada kiranja.' Nikamtazama Chausiku. Akafumba macho, kama mtu anayesema fanya. Nikaitaja chupa."

"Basi ulifanya la wajibu."

"Sikulifanya lote, Mzee." Sauti ikamkatika. "Niliijua chupa, na niliijua sababu ya chupa. Nilitaja chupa. Sababu sikuitaja."

"Sababu gani?"

"Niliapa."

"Uliapa kwa nani?"

"Kwa Chausiku. Alinishikisha rozari yangu mwenyewe, yeye Mwislamu. Alisema, 'Wewe hii ndiyo unayoiogopa, basi apa kwa hii.'"

Bwana Mhina alicheka puani. Mzee Semboja hakucheka.

"Binti, hapa ni mbele ya bodi."

"Najua, Mzee. Na rozari iko mfukoni." Akageuka taratibu, akamtazama Bi. Mwantumu. Hakumtazama kwa ukali. Alimtazama kama mtu aliyebeba mtungi wa mwenzake, mikono imechoka, anangoja mwenyewe aje aupokee. "Mama, mimi siwezi kusema. Nimesema langu."

Bi. Mwantumu akatazama miguu yake. Wote waliona kwamba alitazama miguu yake.

"Mwalimu wa nidhamu."

Bwana Gervas Mhina alikuwa mtu mnene, mwepesi wa kukasirika, mwepesi wa kusahau.

"Mimi ndiye niliyeichukua chupa. Nilifungua kizibo, nikanusa. Gongo! Ndani mlikuwa na maji, lakini plastiki ilinuka gongo. Nikasema, ahaa, amemwaga, ametia maji kuficha. Nikamtazama machoni. Macho ya manjano. Nikasema, ndiyo yenyewe, ini limeshaharibika. Sasa, Mzee, sheria ilisema nimpe sanduku lake aondoke siku ileile. Mnisikilize hapo. Sheria ilisema aende kwao. Sikumpeleka kwao."

"Kwa nini?"

"Huruma. Mtoto wa mjane, na darasani ana akili. Nikasema, nikimwandikia barua ya kufukuzwa, ndio mwisho wake. Nikamwambia, 'Nitakuficha. Shika fyekeo, kafyeke uwanja mpaka uishe, kisha tutasahau.' Nilivunja sheria ya shule kwa ajili yake! Kama ningekuwa mkatili, angekuwa kwao sasa hivi, amekaa kivulini kwa mama yake."

Akayaepuka macho ya Bi. Mwantumu.

"Na nilimuuliza," akaendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Siku ya kwanza nilimuuliza, 'Wewe mtoto, unaumwa?' Akasema, 'Siumwi, Mwalimu.' Siku ya pili nikamwona anafyeka amechuchumaa, anashika magoti. Nikamuuliza, 'Unaumwa?' Akasema, 'Siumwi, Mwalimu.' Nifanyeje na mtu mzima wa kidato cha pili anayeniambia haumwi? Nilimpa nafasi. Angesema neno moja tu, ningemtoa juani. Adhuhuri yake akaanguka. Mimi ndiye niliyembeba mpaka kwenye lori. Alikuwa mwepesi. Nimesema langu."

Siumwi, Mwalimu. Siumwi, Mwalimu. Bi. Mwantumu alisikia sauti yake mwenyewe ndani ya sauti ya mtoto. Ndilo neno alilompa mlangoni pa shule, akimfunga vizuri mtandio: *Ukiulizwa kama unaumwa, sema huumwi. Mpaka dada yako aolewe. Akishaolewa tutasema.* Mtoto mtiifu ni baraka, husema watu. Mtoto aliambiwa sema hivi, akasema hivyo, akiwa ameshika magoti juani.

"Na wewe," Mzee Semboja akamgeukia Hemedi Sengasu, "nani kakuita?"

"Hakuna, Mzee."

"Basi una nini?"

"Chupa hiyo ni yangu."

Bwana Mhina akaruka kitini. "Nini?"

"Ni yangu, Mwalimu. Mimi ndiye niliyempa. Nilimwona bombani. Wenzake wananawa mikono wanaondoka, yeye anakinga viganja anakunywa, anakinga anakunywa, mpaka bomba linafungwa. Wakawa wanamwita Ng'ombe. 'Ng'ombe kafika kisimani, pisheni!' Nikamwonea huruma, nikampa chupa. Niliisugua kwa majivu. Nikaisugua kwa majani ya mlimao. Nikaianika juani. Lakini harufu ile ikishaingia kwenye plastiki haitoki."

"Na harufu iliingiaje?" akauliza Bwana Mntambo polepole.

Hemedi aliitazama chupa mezani.

"Gongo aliyokunywa Yusto Mkomwa niliileta mimi. Kwenye chupa hiyo."

Bwana Mntambo akakaa. Kwa miaka miwili alikuwa amemtafuta mtu huyo, na mtu huyo alikuwa amekaa darasani kwake, kiti cha mbele, akinyoosha mkono kila swali.

"Mshenzi wee!" akafoka Bwana Mhina. "Mtoto anaitwa mlevi kwa chupa yako, wewe uko wapi?"

"Dirishani, Mwalimu. Darasa letu linatazama uwanja. Nilimwona siku zote anafyeka. Nilisema, leo nitakwenda kusema. Kisha nikasema, mtihani wa mwisho uko karibu, nikisema sasa nitafukuzwa, nitasema kesho. Kesho ikafika, nikasema kesho. Kama singempa chupa, asingekamatwa. Kama singeleta gongo, chupa zisingepigwa marufuku. Lakini ninyi nyote mlimwona bombani akinywa kwa viganja, na aliyempa kitu cha kunywea ni mimi peke yangu. Nimesema langu."

Mzee Semboja akaiinua ile chupa, akaitazama dhidi ya mwanga wa dirisha, akairudisha mezani.

"Basi mtoto si mlevi," akasema. "Hilo limekwisha."

"Si mlevi," akakubali Mwalimu Mkuu, "lakini chupa alikuwa nayo. Mzee, sheria haiulizi harufu. Nikimwacha huyu bila sababu, kesho bweni zima litakuwa na chupa, na keshokutwa nitamshika mkono Yusto mwingine. Nipeni sababu. Kiranja anasema sababu ipo. Mwenye nayo aiseme, au nimfukuze."

Macho yote yakaenda kwenye benchi.

Bi. Mwantumu alimwona Zubeda aliyemwacha kando ya kitanda, akimpepea mdogo wake kwa kipande cha boksi, kidole chake na pete ya uchumba. Zubeda alikuwa amengoja miaka mingi. Wenzake wote walikuwa na watoto migongoni. Alimwona Chausiku na midomo yake iliyokauka: wasije wakafuta jina langu. Aliitazama kofia ya Mzee Semboja, nyeupe, iliyodariziwa vizuri. Akinyamaza, mmoja hana shule. Akisema, mwingine hana mume. Mama ana mikono miwili, lakini kuna siku ambayo aliyeshikwa na mkono wa kulia na aliyeshikwa na wa kushoto wanavutwa pande mbili, na mama ndiye anayepasuka katikati.

Akasimama.

"Mwanangu ana selimundu," akasema.

"Ana nini?"

"Selimundu, Mzee. Ugonjwa wa damu. Amezaliwa nao. Chembe za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba njia, mifupa inauma mpaka mtu anatamani kuiacha. Daktari aliniambia, maji ndiyo dawa yake ya kwanza. Anywe maji kila wakati, asikae na kiu, asifanye kazi juani. Nilijua yote hayo nikamleta hapa, nikaja mpaka mlangoni pa Mwalimu Mkuu, mlango ulikuwa wazi kama alivyosema, nikaupita. Nilimwambia mtoto, ukiulizwa sema huumwi. Akaulizwa, akasema haumwi. Alisema nilichomwambia. Nimesema langu."

Leokadia akafunika uso kwa viganja.

"Bi. Mwantumu," akasema Bwana Mntambo, "neno moja tu. Ungeniambia neno moja tu, ningempa mtungi mzima akae nao darasani."

"Ungempa, Mwalimu. Na shule ingeuliza kwa nini. Na anayeuliza huambiwa. Na aliyeambiwa huenda gulioni."

"Lakini kwa nini umfiche mtoto hivyo?" akauliza Mzee Semboja. "Ungesema hata kwangu. Mimi ni mwenyekiti, na sasa ni ndugu."

Hapo Bi. Mwantumu akainua uso, na kwa mara ya kwanza hakumwita Mzee.

"Kwako, Semboja? Siku ya barua ulikaa kwenye mkeka wangu, ukala wali wangu, ukanawa mikono, ukasema nini? Ulisema, 'Sisi akina Semboja hatupandi mbegu iliyobunguliwa.' Watu wakacheka. Chausiku ndiye aliyekuwa amekushikia birika la kunawia. Ningekuambia wewe?"

Fimbo ilimtoka Mzee Semboja mkononi, ikaanguka sakafuni. Hakuna aliyeiokota.

Mzee alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na kifua chake.

"Ndugu yangu Rashidi, baba yake Bakari, alizika watoto wawili kabla Bakari hajazaliwa. Vidole vilivimba. Macho yakawa manjano. Walilia usiku na mchana, mifupa, mifupa. Tulisema wamerogwa. Tukamshika shangazi yao, Mwanshamba, tukamtoa kijijini na mtungi wake mmoja. Alifia ugenini. Hatukuulizia kaburi lake." Akavua kofia, akaiweka juu ya goti. "Sisi nasi tulificha, mama. Mwenye kuficha ndiye anayeuliza sana."

Bi. Mwantumu akamtazama mzee huyo aliyemwogopa kwa miaka yote, na hakuona kwake cha kuogopa. Hilo halikumpa nafuu. Lilimwumiza kuliko yote aliyoyasikia siku hiyo, kwamba ukuta aliomfichia mtoto wake, nyuma yake walikuwa wamejificha watu wengine kwa sababu ileile.

"Na Zubeda?" akauliza.

Mzee Semboja aligeuza kofia gotini. "Daktari awapime kwanza, yeye na Bakari, wote wawili," akasema. "Mimi sijui tena."

Kisha wakaamua. Halikuwachukua muda. Bwana Mntambo alisema Chausiku asifukuzwe. Bwana Mhina alisema asifukuzwe. Mzee Semboja alisema asifukuzwe, arudi darasani akipata nafuu, aje na chupa yake, na mwenye ugonjwa yeyote aruhusiwe chupa. Wakamsamehe. Wote walisema kwa sauti, tumemsamehe, na walipokwisha kusema wakatazamana, maana hapakuwa na aliyejua ni kosa gani walilokuwa wamemsamehe.

"Basi kama si la mtoto," akasema Leokadia, "ni la nani?"

Hapo ndipo ofisi ilipowaka moto.

"Ni la huyu!" Bwana Mhina akamwonyesha Hemedi. "Mwanzo wa yote ni gongo yake."

"Mimi sikumpa fyekeo, Mwalimu."

"Nilimpa fyekeo kwa huruma!"

"Nami nilimpa chupa kwa huruma."

"Ningeisema sababu," akasema Leokadia, "yasingekuwa haya. Mungu angenisamehe kiapo."

"Wewe ulibanwa," akasema Bwana Mntambo. "Mimi hakunibana mtu. Mtoto aliuliza mbele ya watu wote, kwa haki yake, na mimi nikacheka."

"Ulicheka kwa kutojua," akasema Bi. Mwantumu. "Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua, ukaniogopa," akasema Mzee Semboja.

Walibishana hivyo. Walioanza kwa kujitetea walimaliza kwa kujishtaki, kila mtu akivuta mzigo upande wake, kana kwamba mzigo huo ungempatia mwenye kuushinda jambo fulani. Mwisho Mzee Semboja akasema mtu aende hospitalini akamwambie mtoto amesamehewa na jina lake halijafutwa. Na hapo tena wakabishana, kwa maana kila mmoja alitaka awe yeye atakayemwambia.

Basi ninyi mliokaa kusikiliza, mmewasikia wote, na hakuna aliyeficha kitu mwishoni. Yuko Aidani Mntambo, aliyepiga marufuku chupa ili asimwongoze kipofu mwingine, akacheka alipoulizwa juu ya kiu. Yuko Leokadia Mdoe, aliyewaokoa wadogo kwa kutaja nusu, na nusu ya pili akaifunga kwa kiapo. Yuko Gervas Mhina, ambaye kama angekuwa mkali angemrudisha mtoto nyumbani, lakini alihurumia. Yuko Hemedi Sengasu, aliyeleta gongo, na ndiye peke yake aliyempa mwenye kiu chombo cha maji. Yuko Athumani Semboja, aliyechekesha watu kwa jambo lililokuwa likimliza nyumbani kwake. Na yuko Mwantumu binti Kilua, aliyekuwa na binti wawili akataka kuwaokoa wote wawili.

Je, nani kati yao mwenye kosa kubwa kuliko wenzake? Na nani aliyestahili kwenda kumwambia mtoto kwamba amesamehewa?

Chausiku Semkiwa alifariki hospitalini asubuhi ileile, kabla kikao hakijafunguliwa.